Wanaokuja kupitia uani

Tangazo la kazi bado ninalo. Nililitoa steshenari kwa shilingi mia mbili, nikalikunja mara nne nikaliweka kwenye bahasha ya vyeti, na mpaka leo liko humo humo. Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, ngazi ya mshahara TGS B, afu chini yake majukumu: afisa masuuli na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, mlinzi wa amani, katibu wa mikutano na kamati zote za halmashauri ya kijiji, kutunza kumbukumbu na nyaraka, kusimamia sheria ndogo, kuhamasisha wananchi waondoe njaa na umaskini. Nilikuwa nimetoka Hombolo pale Dodoma, chuo cha serikali za mitaa, nina cheti changu na miaka 24, nikausoma ule mlolongo nikasema haya yote naweza. Na kweli yaliyoandikwa nimeyaweza, mengine vizuri, mengine kwa shida. Leo nataka niongelee yale ambayo hayakuandikwa.

Mi ni mtoto wa Tanga. Tabora nilikuwa naijua kwa asali na kwa kuwa Mwalimu Nyerere alisoma pale, basi. Ilikuwa 2018, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa mwaka uliotangulia ulikuwa umewaondoa wengi kazini na kuacha vijiji vingi havina mtendaji, na hicho nilichopangiwa huko Tabora kilikuwa kimekaa zaidi ya mwaka mwenyekiti anafanya kila kitu peke yake. Nikapanda basi mpaka mjini, Hiace mpaka makao makuu ya kata, kisha bodaboda saa moja na nusu katikati ya miti na mashamba ya tumbaku, begi limefungwa nyuma kwa mpira. Walinipokea vizuri sana, hilo niliseme mapema. Walikuwa wamenisafishia chumba kwenye mji wa mwenyekiti, godoro jipya, ndoo ya maji, na mke wa mwenyekiti alikuwa amepika wali na kuku.

Nilikula ule wali huku nawaza nitakikataaje kile chumba bila kumkosea mtu. Kwa sababu watendaji wanaume wote waliotangulia walianzia pale pale na hakuna aliyesema neno, ila mwanamke wa miaka 24, hana mume, analala kwenye mji wa mwenyekiti na mchana wanakaa ofisi moja, hata kama mwenyekiti ni malaika, ndani ya wiki mbili kuna maneno. Usiku ule nikalala na mabinti zake. Asubuhi nikaenda jikoni, sikwenda kwa mwenyekiti, nikamfuata mkewe nikamwambia mama nakushukuru sana ila naomba unitafutie wewe mwenyewe nyumba ya mwanamke nipange. Akaniangalia muda mrefu huku anachochea moto. Akasema, "Mwanangu, wewe umelelewa." Akanipeleka kwa bibi mmoja mjane, nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba viwili, na nyuma kuna uani umezungushiwa minyaa. Kwa miaka mitano sijapita mbele ya mji wa yule mama asubuhi bila kuingia kumwamkia. Hilo nalo ni kazi jamani. Kijana mwenzangu, mtendaji wa kijiji cha jirani, hakuwa na haja ya kulifanya hata siku moja.

Kuna jambo la magoti pia. Kule mwanamke akimwamkia mzee anapiga goti, anasema mwangaluka, anasubiri aitikiwe. Sasa wewe ni serikali. Leo unampigia goti mzee kwake, kesho unampelekea wito wa kuja ofisini kwa sababu ng'ombe wake wameingia shamba la mtu. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alinishauri nisipige kabisa, akasema ukianza tu kupiga goti umekwisha, hawatakuogopa. Nilijaribu mwezi wa kwanza. Walikuwa wananiitikia ila naona kabisa mtu amefunga uso. Nikaacha, nikaamua kwenye mji wa mtu mi ni binti napiga goti, ofisini mi ni Mtendaji nasimama au nakaa kwenye kiti changu. Kuna mzee mmoja wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, mkali, sauti yake ukiisikia unanyooka, alikuja ofisini kwa shauri lake nikamkuta amesimama, nikamwambia baba kaa, akasema hapana, hapa ni kwako, wewe ukae kwanza. Sikuwa nimemfundisha mtu hiyo kanuni. Aliiona mwenyewe.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, meza, viti viwili, kabati lenye leja na rejista ya wakazi, benchi nje. Choo hakuna. Mwanaume anaenda nyuma ya mti anarudi. Mimi nilikuwa naenda shule ya msingi, mwendo wa dakika kumi na tano kwenda na kurudi kumi na tano, na siku zangu za mwezi nilikuwa napanga kazi za vitongojini ili nikae karibu na nyumba ya mtu ninayemwamini. Niliomba choo kwenye bajeti ya kijiji miaka mitatu mfululizo. Kila mwaka kinapita kwenye kikao, halafu hela inaenda kwenye maboma ya madarasa, na mimi mwenyewe ndo ninayeandika huo muhtasari.

Sasa uani.

Mchana ofisini wanakuja wanaume. Barua ya utambulisho ya benki, kibali cha kuuza ng'ombe mnadani, mgogoro wa mpaka, mtu wa AMCOS, ushirika wa mazao, anataka orodha ya wakulima. Wanawake wanakuja pia ila mara nyingi wametumwa. Wiki ya tatu hivi tangu nifike, saa mbili usiku, nasikia hodi kwa nyuma, jikoni. Bibi akaniambia kwa utulivu tu, "Wameanza kuja." Mwanamke amejitanda kanga mpaka machoni, amekuja kuomba chumvi. Nikampa. Hakuondoka. Akakaa kwenye kinu kilicholazwa pale, tukaongelea mvua, tukaongelea mahindi, baada ya kama nusu saa ndo akafunua mkono, uko hivi, umevimba. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kwamba akienda polisi, watoto watabaki na nani.

Kituo cha polisi kiko mbali, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni hela ambayo mwanamke kama yule haishiki mkononi kwa wakati mmoja, na PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inatolewa huko. Nilimwandikia barua. Nauli nilitoa mimi. Hakwenda siku ile, alikwenda baada ya miezi minne mkono mwingine ulipoumizwa, na ile barua alikuwa bado ameificha ndani ya debe la mtama.

Wakaanza kuja kweli. Wa chumvi, wa kiberiti, wa kuazima ungo. Baadaye hata kisingizio wakaacha. Mmoja alichukua mkopo wa kikundi, ile asilimia kumi ya halmashauri ambayo nne ni za wanawake, mume akauchukua wote siku ile ile akanunua pikipiki, na kwenye daftari la marejesho jina linalodaiwa ni la mke, wenzake kwenye kikundi wameshaanza kumzomea kisimani. Mwingine anataka kufunga uzazi mume asijue. Huyo nilimsindikiza kwa muuguzi wa zahanati, naye mwanamke, naye ana uani wake na yake ni mazito kuliko yangu. Mwingine alikuja tu kukaa. Alikuwa anakuja kila Alhamisi, anakaa kwenye kile kinu, ananisaidia kuchambua mchicha, anaondoka, sijawahi kujua alikuwa na nini na sikumuuliza.

Afu asubuhi saa moja wewe uko ofisini na mume wa yule mwanamke anakuja kwa ajili ya barua ya benki, anakuamkia vizuri, anakuambia Mtendaji umeamkaje, na wewe unajua alichofanya juzi. Unagonga muhuri. Ukimwonyesha tu kwa jicho kwamba unajua, umemmaliza mkewe, na hakuna mwanamke mwingine atakayepita ile njia tena. Kwa miaka mitano nimefanya kazi na huo uso. Hombolo hatukusomeshwa.

La binti mmoja ndo lililoniumiza zaidi. Mwisho wa 2019, kamaliza darasa la saba, ana miaka 14. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari miaka 30 jela, wazazi kule wanaijua hiyo miaka 30 kama wanavyojua bei ya tumbaku. Kwa hiyo wanasubiri mwanya, mtihani umeisha mwezi wa tisa, shule ya sekondari inaanza Januari, katikati hapo baba anakuambia huyu si mwanafunzi tena. Na ukumbuke Sheria ya Ndoa ya 1971 bado inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe wazazi wakiridhia, Mahakama Kuu ilishasema 2016 vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, Mahakama ya Rufani ikakazia hapo hapo Oktoba 2019, yaani mwezi mmoja au miwili tu kabla ya haya ninayosimulia, ila kijijini hukumu haifiki, inafika ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wameshaingia zizini.

Aliyeniambia ni mama yake. Uani, usiku wa manane karibu, hakukaa, alisema sentensi tatu akaondoka.

Tulikwenda na mtendaji wa kata na mwalimu mkuu. Tulikuwa na cheti cha kuzaliwa, miaka 14, mwanya wote ukaziba hapo. Ng'ombe wakarudishwa. Ukaitishwa mkutano, na kwenye mkutano ule mama yake alisimama mbele ya watu akanitukana, kwamba mimi sina mtoto, sijui uchungu, nimekuja kuvunja miji ya watu, kwamba mwanamke gani anafurahia kumzuia binti wa mwenzake kuolewa. Watu wakapiga makofi. Nikaandika kwenye muhtasari: "Mjumbe mmoja alieleza kutoridhishwa." Nilikuwa najua anachofanya na yeye alijua najua. Angenyamaza siku ile, mumewe angejiuliza habari zilitokaje ndani. Ila maneno yaliniingia hata hivyo, mtu akikutukana kwa sauti ile, mwili haujui kwamba anakuokoa wewe na anajiokoa yeye, nilirudi nyumbani nikatapika. Karibu miezi miwili nilikuwa napita naamkia sipati jibu zuri, mama wa genge ananiambia nyanya zimeisha na ninaziona. Binti mwenyewe alikuwa amefaulu, akaenda sekondari ya kata. Hakuwahi kuniongelesha. Alikuwa amempenda yule kijana, nafikiri, na hiyo ni haki yake kunichukia nayo.

Baraza la ardhi la kijiji lilikuwa mahali pekee ambapo niliona sheria ikifanya kazi kwa mikono yake yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe saba na watatu kati yao wawe wanawake. Watatu tulikuwa nao, wanakaa kwenye mkeka pembeni, wanaume kwenye benchi, na ukisoma mihutasari ya nyuma hakuna hata neno moja la mwanamke. Mi si mjumbe, siwezi kuamua, ila naweza kuuliza. Likaja shauri la mjane, shemeji zake wanasema shamba la marehemu linaishia kwenye korongo, yeye anasema linavuka. Wanaume wamebishana saa mbili. Nikasema kwa heshima, naomba tusikie na akina mama, nikamtaja mmoja kwa jina. Akakaa kimya kidogo, akasema pale ng'ambo ya korongo palikuwa na mninga, ukakatwa mwaka ule wa mvua nyingi, na chini ya ule mninga marehemu na mkewe walikuwa wanampumzisha mtoto wakati wa palizi, naye alikuwa analima jirani na alikuwa akiwaona. Tukaenda, kisiki kipo. Mwanaume anajua mpaka alioambiwa na baba yake, ila anayepalilia mstari wa mwisho kila mwaka ni mwanamke, anaujua kwa mgongo. Baada ya siku ile sikuhitaji tena kumtaja mtu.

Mikutano mikuu nayo, ile ya kila miezi mitatu, ilikuwa inaitishwa saa tisa alasiri, yaani saa ya kisima na saa ya kuwasha moto. Tukaisogeza saa nne asubuhi wakati si wa kilimo. Mahudhurio ya wanawake yalibadilika mpaka mwenyekiti akaniuliza nimewapa nini.

Kuna jambo la mtandao ambalo nalitaja kwa haraka maana silipendi. Simu ilikuwa inashika kwenye kichuguu kimoja nyuma ya shule. Kwenye grupu la WhatsApp taarifa zinadaiwa muda wowote, saa tatu usiku unaambiwa tuma takwimu kabla ya saa moja asubuhi, ukichelewa jina lako linaandikwa mbele ya watu wote. Usiku mmoja nimesimama juu ya kichuguu na kioo cha simu kinaniangaza uso, kijana mmoja alikuwa amekaa gizani muda wote ananiangalia. Aliponisogelea nilipiga yowe, sungusungu wakaja, na yule mzee mkali ndo alikuwa wa kwanza kufika. Nilipoeleza kwa wakubwa zangu niliulizwa nilikuwa natafuta nini nje usiku. Nilikuwa natuma taarifa yao.

Niliolewa 2019 na mwalimu, yeye kituo chake kiko Handeni. Nikapata mtoto 2020. Likizo ya uzazi siku 84, ipo, inalipwa, naishukuru serikali kwa hilo. Ila hakuna aliyeletwa kukaimu, kijiji alipewa mtendaji wa jirani ambaye ana cha kwake, na siku ya kumi na moja tangu nijifungue niko kwa mama yangu Tanga napigiwa simu kuulizwa rejista ya vizazi na vifo iko wapi, nami najua kabisa iko kwenye kabati pale pale mbele ya anayeniuliza. Niliporudi, yale masaa mawili ya kunyonyesha kwa siku nilikuwa nayatumia kutembea, maana kitongoji cha mbali kiko kilomita kumi na nne na maziwa yanakuja ukiwa huko huko, blauzi inalowa mbele ya watu kwenye kikao. Nilikuwa navaa kitenge juu hata kama ni jua kali. Bibi mwenye nyumba alikuwa ananilelea mtoto mpaka alipofariki mwaka uliofuata, na sitaandika habari zake zaidi maana sitamaliza.

Sensa ya 2022, usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti. Utaratibu unajulikana, mtu anahesabiwa pale alipolala usiku ule. Nilikuwa nimeshinda wiki mbili napita vitongojini kueleza hilo. Na usiku ule ule, saa sita, hodi uani. Mwanamke na watoto wawili, mdogo hana kiatu. Wakalala chumba alichokuwa analala bibi.

Asubuhi karani akaja na kishikwambi chake, binti wa pale pale kijijini, nilimfundisha mwenyewe kuuliza yale maswali. Akaniuliza ni nani walilala katika kaya hii usiku wa kuamkia leo. Nikamwambia mimi, mwanangu, dada anayenisaidia, na wageni watatu. Akaniuliza majina. Yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni kwa nyuma, ametikisa kichwa nisiseme. Karani akamwona. Akamtambua, ni kijiji. Akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ulilala hapa?" Akasema ndiyo. Akaandika, umri, elimu, kila kitu, hakuuliza kwa nini. Kaya yangu ikasomeka watu sita. Walipotangaza matokeo, watu 61,741,120, wanawake 31,687,990, niliisikiliza redioni nikiwa napika na nikamfikiria yule na kile kiatu cha mtoto. Katika miaka yote mitano niliyotuma taarifa za mwezi, robo na mwaka, fomu pekee ya serikali ambayo uani wangu uliwahi kuingia ni ile. Taarifa ya mwezi ina safu ya mikutano iliyofanyika, mapato yaliyokusanywa, migogoro iliyotatuliwa. Mgogoro unahesabiwa ukifika ofisini.

Uhamisho wa kumfuata mwenza ulitoka 2023. Aliyekuja kunipokea ni kijana mzuri, mpole, ana miaka 25, tulikaa siku mbili tukifanya makabidhiano. Muhuri mmoja, vitabu vya stakabadhi, mashine ya POS ya kukusanyia mapato, leja, rejista, kabati, viti viwili. Akasaini, nikasaini, mwenyekiti akasaini. Atapanga kule karibu na mnara mpya, ni chumba kwenye fremu za maduka, mbele barabara, nyuma ukuta.

Jioni nikaenda kwa mke wa mwenyekiti. Nilikaa jikoni kwake pale pale nilipokaa siku ya kwanza nikamwambia mama kuna watu watakosa pa kupita. Hakuniuliza watu gani. Aliendelea kusonga ugali mpaka ukaiva, akaepua, akanawa mikono, akasema, "Najua wote."

Pikipiki ilinifuata saa kumi na moja alfajiri. Tulipita nyuma ya mji wake kwa sababu mbele kulikuwa na tope, nikaona minyaa imekatwa, mbichi bado inatoa maziwa, upana wa mtu mmoja.